Panya Mdogo na Ini Lenye Makovu: Jinsi Saratani ya Ini Inavyochunguzwa Maabarani

Miongoni mwa viungo vilivyomo ndani ya mwili wa binadamu, ni vichache vilivyobebeshwa kazi nyingi kama ini. Kwa mtu mzima kiungo hiki huwa na uzito wa karibu kilo moja na nusu, nacho hupokea damu itokayo tumboni na matumboni kabla haijasambazwa mwilini. Ini hutengeneza nyongo, huhifadhi sukari, huunda protini za damu, na huzimua sumu tunazozila kwa kujua au kwa kutojua. Ndilo mlinzi wa lango la mwili. Na kama ilivyo kwa kila mlinzi wa lango, ndilo linaloanza kujeruhiwa adui anapoingia.

Katika mwaka 2020 ilikadiriwa kwamba watu wapatao 906,000 duniani waligunduliwa kuwa na saratani ya ini, na kwamba watu wapatao 830,000 walikufa kwa ugonjwa huo. Udogo wa tofauti kati ya hesabu hizo mbili waonyesha ukali wa maradhi yenyewe. Katika nchi nyingi za Afrika zilizo kusini mwa Sahara, wagonjwa huwa bado wamo katika umri wa miaka ya arobaini, wakati ambapo jamaa zao wanawategemea zaidi, na mara nyingi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umekwisha kuenea.

Makala haya yanakusudia kueleza jinsi wanasayansi wanavyomtumia panya mdogo wa maabara kuchunguza saratani hiyo, na hasa ile inayoota katika ini lililokwisha kujaa makovu. Jambo kuu ambalo msomaji anaombwa alishike ni hili: panya hutoa ushahidi wa kuaminika pale tu anapougua kwa namna inayofanana na ya mgonjwa. Nasi katika Afrika Mashariki tuna sababu ya pekee ya kulikumbuka jambo hilo, kwa kuwa visababishi viwili vikubwa vya saratani ya ini hapa kwetu ndivyo hasa ambavyo panya mdogo wa kawaida amejaliwa kinga navyo.

INI LINAVYOPATA MAKOVU

Ini lina sifa isiyo ya kawaida, nayo ni uwezo wa kukua tena. Mwaka 1931 watafiti Higgins na Anderson walionyesha kwamba panya mkubwa wa maabara aliyekatwa theluthi mbili za ini lake hulirudisha karibu katika ukubwa wake wa awali kwa muda mfupi tu. Kwa hiyo jeraha la mara moja ini hulistahimili. Hatari imo katika jeraha linalorudiwarudiwa kwa miaka mingi, liwe limeletwa na virusi, na pombe, na mafuta yaliyorundikana ndani ya seli, au na sumu ya chakula.

Kando ya mishipa midogo ya damu iliyomo katika ini kuna seli zenye umbo la nyota, ambazo mtaalamu Karl Wilhelm von Kupffer alizieleza mwaka 1876. Kwa kawaida seli hizo huhifadhi vitamini A na kukaa kimya. Seli za ini zinapokufa, seli za ulinzi zilizo jirani hutoa kemikali za kutaka msaada. Hapo seli za nyota huamka, huacha kazi ya kuhifadhi vitamini, na kuanza kufuma nyuzi ngumu za protini iitwayo kolajeni. Nyuzi hizo ndizo kovu. Kovu dogo lina faida, kama vile fundi anavyoziba ufa wa ukuta kwa lipu. Lakini fundi akiendelea kupiga lipu kila siku kwa miaka ishirini, chumba hakitabaki na nafasi ya mtu kukaa.

Mwisho wa mwendo huo ni sirosisi. Ini hugawanyika kuwa vinundu vingi vilivyozungukwa na mikanda ya makovu, na damu hupita kwa shida. Jina la ugonjwa huu lilitolewa mwaka 1819 na tabibu Mfaransa René Laennec kutokana na neno la Kiyunani linaloeleza rangi ya manjano iliyofifia, kwa kuwa ndiyo rangi aliyoiona katika maini ya wagonjwa waliofariki. Ndani ya vinundu hivyo seli hugawanyika bila kupumzika ili kuziba mapengo ya zile zinazokufa. Kila seli inapogawanyika hunakili DNA yake, na katika kila kunakili kuna uwezekano wa kukosea. Makosa yakilimbikizana katika jeni zinazotawala ukuaji, seli moja huasi, na uzao wake huwa uvimbe wa saratani. Ndiyo maana, duniani kwa jumla, katika kila wagonjwa kumi wa saratani hii wapatao wanane au zaidi huwa wana sirosisi pia.

Wasomaji wa Kanda ya Ziwa huenda wakauliza kuhusu kichocho cha matumbo, ambacho nacho huacha makovu katika ini. Makovu hayo hufuata njia za mishipa ya damu, kwa sababu ndipo mayai ya vimelea yanapokwama. Sehemu kubwa ya seli za ini husalimika, na vinundu vya sirosisi havijengeki. Huo ni ugonjwa mzito, lakini usichanganywe na sirosisi.

KWA NINI PANYA MDOGO?

Wanafunzi hupenda kuuliza kwa nini mnyama anayeonwa kuwa mharibifu wa ghala apewe heshima ya kukaa maabarani. Panya mdogo, ambaye kitaalamu huitwa Mus musculus, ana uzito wa gramu 20 hadi 30, hubeba mimba kwa muda wa siku 20 hivi, na huishi karibu miaka miwili. Yale ambayo kwa binadamu huchukua miaka thelathini, kwake huweza kuonekana kabla mwaka haujaisha. Tena wamekwisha kupatikana panya wa koo safi, waliozalishwa ndugu kwa ndugu kwa vizazi vingi hata wakafanana kama mapacha. Mtafiti anapowapa kundi moja dawa na kundi jingine asiwape, tofauti atakayoiona haitokani na tofauti za kuzaliwa. Aidha, ramani ya jeni za panya iliyochapishwa mwaka 2002 ilionyesha kwamba karibu kila jeni ya binadamu ina mwenzake katika panya.

Kazi hii ina masharti yake. Hapa Tanzania, Sheria ya Ustawi wa Wanyama ya mwaka 2008 inahusu pia wanyama wa utafiti. Desturi ya kimataifa humtaka mtafiti atumie njia nyingine ikiwa ipo, apunguze idadi ya wanyama, na azuie maumivu kadiri inavyowezekana.

UVIMBE KATIKA INI LISILO NA KOVU

Njia iliyozoeleka kwa miaka mingi ni ya kemikali iitwayo daiethilinitrosamini. Mtoto wa panya wa umri wa majuma mawili hudungwa mara moja tu. Ini lake, ambalo bado linakua kwa haraka, huibadili kemikali hiyo kuwa kitu kinachoshambulia DNA. Baada ya miezi minane hadi kumi madume karibu wote huwa na uvimbe katika ini, ilhali majike wenye uvimbe huwa wachache. Mwaka 2007 watafiti wa Marekani walieleza sababu mojawapo ya tofauti hiyo: homoni ya kike iitwayo estrojeni hupunguza ishara ya uchochezi inayotolewa na seli za ulinzi wa ini. Kwa kuwa binadamu wanaume nao huugua saratani hii zaidi kuliko wanawake, panya huyo alikuwa ametufundisha jambo la maana.

Hata hivyo, ukilikata ini la panya huyo utaona kwamba kandokando ya uvimbe nyama ya ini ni laini na safi, wala haina kovu. Hapo ndipo matatizo yanapoanza. Dawa inayopenya kwa urahisi katika ini laini huenda isipenye katika ini lililosukwa kwa nyuzi. Zaidi ya hayo, mgonjwa wa sirosisi ana ini ambalo limekwisha kupoteza sehemu kubwa ya uwezo wa kuzimua dawa. Kipimo ambacho panya mwenye ini lisilo na kovu alikistahimili huenda kikamuua mgonjwa. Panya wa namna hii aweza kuthibitisha kwamba dawa huua seli za saratani, lakini hawezi kuthibitisha kwamba mgonjwa atabaki salama.

KULIJENGA KOVU KWANZA

Ili kuondoa kasoro hiyo, watafiti hulijeruhi ini kwa makusudi na kwa kipimo. Kiowevu kitumikacho zaidi ni kaboni tetrakloridi, ambacho zamani kilitumika kufulia nguo zisizotiwa maji na kujazia vizimamoto, hadi ilipotambulika kwamba ni sumu kali ya ini. Kimeng'enya kilichomo katika seli za ini hukibadili kuwa kipande cha molekuli chenye ukali mwingi, nacho hupasua utando wa seli. Panya akipewa kidogo mara mbili kwa juma, seli za nyota huamka, na baada ya majuma kadhaa mikanda ya kovu huanza kuonekana.

Jaribio zuri la aina hii huwa na makundi manne. Kundi la kwanza hupewa mafuta tu yanayotumika kuyeyushia kemikali. Kundi la pili hupewa kemikali inayoharibu DNA peke yake. Kundi la tatu hupewa kemikali inayoleta kovu peke yake. Kundi la nne hupewa zote mbili. Katika kundi la nne uvimbe hutokea mapema zaidi na kwa wingi zaidi kuliko katika kundi la pili, ingawa kosa la kwanza katika DNA lilikuwa lile lile. Matokeo hayo yalipatikana kwa kuongeza jeraha la kudumu na kovu lake.

Mwalimu atumie mfano huu kueleza umuhimu wa makundi ya kulinganishia. Ziko koo za panya ambazo madume wake hupata uvimbe wa ini wanapozeeka hata wasipopewa kitu chochote. Bila kundi la kwanza mtafiti angeilaumu kemikali kwa jambo lililoletwa na uzee.

Kwamba hali ya ini ni muhimu kama ilivyo hali ya uvimbe wenyewe kulidhihirika tena mwaka 2021. Kundi la watafiti lililoongozwa kutoka Ujerumani liliwapa panya wenye ini lililojaa mafuta na uchochezi matibabu mapya ya kuziamsha seli za kinga zipambane na saratani. Uvimbe haukupungua, na uharibifu wa ini uliongezeka. Walipozitazama takwimu za wagonjwa, walipata dalili kwamba wale ambao saratani yao ililetwa na virusi walinufaika zaidi na matibabu hayo kuliko wale ambao haikuletwa na virusi.

SUMUKUVU NA PANYA ASIYEDHURIKA

Sasa tuyatazame mambo ya hapa kwetu. Ukungu uitwao Aspergillus flavus huota katika mahindi na karanga, na hutoa sumukuvu iitwayo aflatoksini. Sumu hii iligunduliwa baada ya bata mzinga zaidi ya 100,000 kufa huko Uingereza mwaka 1960 kwa kula mashudu ya karanga. Mwaka uliofuata ilionyeshwa kwamba panya wakubwa waliolishwa mashudu ya namna hiyo walipata saratani ya ini. Mwaka 1973 Peers na Linsell walichapisha uchunguzi wao wa wilaya ya Murang'a nchini Kenya. Walipima chakula kilichokuwa tayari kuliwa pamoja na pombe ya kienyeji, wakaona kwamba katika maeneo ya chini ya wilaya, ambako sumukuvu ilikuwa nyingi, saratani ya ini nayo ilikuwa nyingi kuliko katika maeneo ya juu.

Sumu hiyo ikiliwa kwa wingi huua kwa muda mfupi. Mwaka 2004 watu 125 walikufa kati ya wagonjwa 317 huko Makueni, Kitui na maeneo jirani nchini Kenya. Mwaka 2016 watu 20 walikufa kati ya wagonjwa 68 katika mikoa ya Dodoma na Manyara hapa Tanzania. Ikiliwa kidogo kidogo kwa miaka haionekani, ila hufanya kazi yake ndani ya seli. Wala isidhaniwe kwamba jambo hili lawahusu wakulima peke yao. Mkazi wa Tabata, Kinondoni au Temeke hununua unga wa mahindi yaliyolimwa mbali na kuhifadhiwa na watu asiowajua, na unga wa uji wa watoto mara nyingi huchanganywa karanga. Kupika ugali hakuiondoi sumu hiyo, kwa kuwa hustahimili joto la jikoni.

Tuseme basi kwamba mtafiti anawalisha panya wadogo waliokomaa mahindi yenye sumukuvu kwa mwaka mzima. Kuna uwezekano mkubwa kwamba wote watabaki na afya njema. Je, aseme kwamba mahindi hayo ni salama? La. Ini la binadamu huibadili aflatoksini kuwa umbo kali linalonasa katika DNA, na ini la panya mdogo nalo hufanya vivyo hivyo. Tofauti ni kwamba panya mdogo ana wingi wa kimeng'enya kinacholidaka umbo hilo kali na kulifunga kabla halijafika kwenye DNA. Binadamu hana kinga ya nguvu kama hiyo. Watoto wachanga wa panya, ambao kinga yao haijakomaa, hupata uvimbe wakipewa sumu hiyo, kama ilivyoonyeshwa na Vesselinovitch na wenzake mwaka 1972. Na panya walioondolewa jeni ya kimeng'enya hicho huwa wepesi wa kudhurika. Mnyama yule yule aweza kutuambia uongo au ukweli, kutegemea kama tunaijua kemia ya ini lake.

VIRUSI VISIVYOPATA MLANGO

Kisababishi cha pili ni virusi vya homa ya ini aina ya B. Mwaka 1981 Beasley na wenzake walichapisha habari za wanaume 22,707 wa Taiwan waliofuatiliwa kwa miaka kadhaa. Kati ya vifo 41 vya saratani ya ini, 40 vilitokea miongoni mwa watu waliokuwa wamebeba virusi hivyo.

Virusi hivi haviwezi kumwambukiza panya wa kawaida. Mlango wake wa kuingilia katika seli ulitambuliwa huko China mwaka 2012, nao ni protini ambayo kazi yake halisi ni kupitisha chumvi za nyongo. Protini hiyo katika panya imetofautiana kidogo na ya binadamu, na tofauti hiyo yatosha kuufunga mlango. Hata panya anapopewa mlango wa kibinadamu, virusi huingia lakini haviwezi kuikamilisha kazi yake.

Watafiti wamepita njia mbili. Ya kwanza ni kuziingiza jeni za virusi katika yai la panya, ili kila seli yake izaliwe nazo. Mwaka 1989 Chisari na wenzake walionyesha kwamba panya ambao seli zao zililimbikiza protini ya ganda la virusi walipata jeraha la kudumu la ini, kisha vinundu, hatimaye saratani. Njia ya pili ni kuwapandikiza panya seli za ini la binadamu. Panya hao huambukizwa vizuri, ila lazima wawe hawana kinga ya mwili ili wasizikatae seli za kigeni. Na kwa mgonjwa ni kinga hiyo hiyo inayoziua seli zenye virusi na kuleta kovu. Hivyo kila njia ina upungufu wake.

VISABABISHI VINAPOKUTANA

Katika vijiji na miji yetu mtu huyo huyo huweza kubeba virusi na kula sumukuvu. Mwaka 1991 ilionekana katika wagonjwa wa kusini mwa Afrika na wa Qidong, China, kwamba jeni iitwayo p53, ambayo ni mlinzi dhidi ya saratani, ilikuwa imeharibika mara nyingi mahali pale pale pamoja, kana kwamba mhalifu ameacha alama ya kidole chake. Mwaka 1998 Ghebranious na Sell walichapisha jaribio la panya waliounganishiwa mambo hayo: jeraha linaloletwa na protini ya virusi, aflatoksini, na jeni ya p53 iliyobadilishwa. Kila kimoja, pamoja na kuwa dume, kilichangia saratani, na vilipokutana hatari ilizidi.

Hapa pia tunapata jibu kuhusu wale wagonjwa wachache, ambao Afrika si haba, wanaopata saratani kabla sirosisi haijakamilika. Sumukuvu hushambulia DNA moja kwa moja, navyo virusi huweza kuchomeka vipande vya jeni zake katika DNA ya seli. Safari ya kupitia kovu hufupishwa. Kwa hiyo panya mwenye kovu si kielelezo cha kila mgonjwa. Mtafiti hana budi kujua kwanza ni mgonjwa gani anayetaka kumwelewa, ndipo amchague panya.

FAIDA KWA WANANCHI

Utafiti huu umeleta tumaini katika mambo mawili. Kwanza, panya wanapoachiwa kupumzika na sumu, makovu mengi hupungua, ingawa zamani iliaminiwa kwamba kovu la ini halirudi nyuma. Kwa binadamu, uchunguzi uliochapishwa mwaka 2013 uliwafuata wagonjwa 96 wa sirosisi iliyoletwa na virusi vya B. Baada ya miaka mitano ya kutumia dawa ya tenofovir, 71 kati yao hawakuwa tena na sirosisi.

Pili, ikiwa visababishi huzidishiana nguvu, kukiondoa kimojawapo kuna faida hata kama kingine bado kipo. Chanjo ya homa ya ini aina ya B ilianza kutolewa kwa watoto wachanga Taiwan mwaka 1984, na saratani ya ini kwa watoto ikapungua. Tanzania iliiingiza chanjo hiyo katika ratiba ya watoto mwaka 2002. Vijana wengi walioko sekondari leo ni wa kizazi hicho, ilhali walimu wao wengi hawakuipata utotoni na wafaa kupimwa. Upande wa chakula, viwango vya Afrika Mashariki haviruhusu mahindi yazidi mikrogramu 10 za aflatoksini kwa kilo. Mkulima akianika mahindi juu ya turubai badala ya udongo, akayakausha vema kabla ya kuyahifadhi, na mpishi akachambua punje zilizooza au kubadilika rangi na kuzitupa, sumu hupungua sana. Kukoboa nako hupunguza, kwa kuwa sehemu kubwa ya sumu hukaa katika pumba na kiini. Lakini pumba hizo zisipewe kuku na ng'ombe kwa kudhani kwamba wao hawadhuriki.

MASWALI YA KUJADILI DARASANI

1. Mfanyabiashara aliwalisha panya wadogo unga wake kwa miezi sita, akatangaza kwamba hauna madhara kwa watoto. Taja kasoro tatu za hoja yake.

2. Katika jaribio la makundi manne lililoelezwa hapo juu, tungekosa kujua nini kama kundi la tatu lingeachwa?

3. Kaboni tetrakloridi huleta kovu, lakini pia huzilazimisha seli za ini zigawanyike ili kuziba mapengo. Je, ungepanga jaribio gani ili kutenganisha athari ya kovu na athari ya kugawanyika kwa seli?